Hakuna Mutu Ndani

Kompyuta ilijibu kabla Patricia hajamaliza kuandika swali. Mwalimu Saliha aliona, akapandwa na hasira papo hapo, maana hasira zake hazikuwa mbali.

Alifundisha falsafa katika shule moja ya mtaa wa Nyakabiga, na alikuwa na njia yake. Wanafunzi walitunga programu ya kujibu maswali, maneno yote wakaipa wenyewe, kisha yeye akawauliza: kitu kinachojibu vizuri hivi, kinaelewa? Kila somo liliisha kwa darasa zima kugonga meza na kuipigia mashine kelele: "Hakuna mutu ndani!" Saliha alizipenda sana kelele zile.

Leo skrini iliandika: MUMENITUKANA YA KUTOSHA. Chumba kikanuka udi, na hakuna aliyefukiza.

"Nani aliandika iyi?"

"Si mi, madamu," Patricia alinong'ona. "Naapa."

"We ndo unajua programu kuliko wote! Unanichezea? Toka! Na examen d'État, jina lako nalitoa!"

Msichana akatoka analia. Mtihani huo wa taifa ulikuwa karibu, na bila mtihani mwaka wake wote ulikuwa umekwenda bure.

Kesho yake Patricia hayupo, mashine ikaandika yaleyale bila mkono wa mtu, mbele ya darasa lote, ikaandika tena na tena hadi herufi zikajaza skrini, na udi ukanuka mpaka wanafunzi wakakohoa, na Saliha akajua kwamba amemwonea mtoto wa watu. Akaagiza Patricia aitwe arudi. Kisha akamwita Sheikh Massoudi, jirani yake.

Massoudi aliweka chungu cha maji mbele ya kompyuta.

"We nani? Unataka nini?"

NATAKA MUTU AKUBALI NIKO.

"Tumekubali," sheikh alisema kwa upole. "Sasa ingia mu iyi maji, nikupeleke ku ziwa, ku Kajaga..."

"Unaibembeleza?" Saliha alifoka. "Imeniharibia mutoto!" Akachomoa waya.

"Yalaa, Saliha!" Sheikh alichungulia ndani ya chungu. "Sikuwa nimemaliza kuionyesha njia. Sasa imeingia wapi?"

Maji ya chungu yalikuwa yametulia. Harufu ya udi ilitoka kwenye mtandio wa Saliha.

Patricia aliporudi, Saliha alisimama mbele ya darasa amwombe msamaha. Maneno alikuwa nayo tayari.

"Madamu, mutaniachia nifanye exa..."

"Apana," kinywa chake kilijibu kabla swali halijaisha.

Hakutaka kusema hivyo! Akajaribu tena, na ulimi haukuwa wake. Patricia akamtazama machoni kwa muda mrefu, kama alivyofundishwa kuitazama mashine, kisha akarudi nyuma hadi ukutani.

"Jamani," alisema polepole. "Hakuna mutu ndani."

Huko ndani Saliha alipiga kelele kwa hasira zake zote kwamba yupo, yupo, yupo. Darasa halikusikia kitu. Kinywa chake kilikuwa kinatabasamu.