Nilimrudisha Mwanangu Uwanjani Kichwa Kikimuuma

Nina umri wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Malindi, na kazi yangu ni kuendesha tuktuk. Elimu yangu ni ya sekondari tu. Nawaandikia nyinyi wasomaji wenzangu, hasa mlio na watoto wa kiume, kwa sababu kisa hiki nikikisimulia kwa mdomo sifiki katikati. Anayenisikiliza huniambia basi, yatosha...

Mimi ni mtu nisiyetulia. Tangu nimalize shule nimeishi Watamu, nikaishi Lamu, nikachimba mawe ya kujengea kule Kilifi, nikapaka rangi nyumba za kupangisha Mtwapa. Kila mahali nilifika nikiwa na hamu, na kila mahali nilichoka. Kitu kimoja tu sikuwahi kukichoka moyoni mwangu: raga niliyocheza nikiwa mwanafunzi.

Kwa asiyeijua, raga ni ule mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mkononi, na anayeubeba hukumbwa kwa bega mpaka aanguke. Wakati wetu vijana waligombea nafasi ya kuucheza. Shule nzima ilijaa kando ya uwanja, kina mama wauza mabuyu na viazi karai wakiacha beseni zao kuja kutazama. Nikikimbia na ule mpira nilisikia jina langu, Twaha, Twaha, Twaha... Je, ni mara ngapi baada ya hapo watu waliwahi kuliita jina langu kwa furaha? Sikumbuki hata mara moja.

Mke wangu Rukia ni mpishi katika hoteli moja ya Bofa. Miaka yote niliyotangatanga, ni yeye aliyeishika nyumba yetu. Niliporudi Malindi tukakubaliana abaki na kazi yake, arudi nyumbani siku za mapumziko, nami nikae na mtoto wetu wa pekee, Salim, aliyekuwa kidato cha tatu. Kwa mara ya kwanza nikawa baba wa kila siku. Nikataka kumpa mwanangu kitu cha kukumbuka. Nami nilikuwa na nini cha kumpa zaidi ya raga?

Salim alipenda kuogelea na mpira wa wavu. Alikuwa mpole, mwenye mabega mapana kama yangu. Mamake aliridhika na michezo ile. Mimi nilikuwa nikiyatazama yale mabega nikisikitika.

Mwaka huohuo kijana wa shule jirani alivunjika mtulinga, mfupa wa begani, uwanjani. Wazazi wakaanza kutumiana video za wachezaji waliopotewa na fahamu. Shule ikaita mkutano. Mama mmoja aliyetoka Vitengeni akasimama akamwambia mwalimu, "Mimi mwanangu nimemleta hapa asome. Akitaka kuangushwa, nyumbani tuna fahali."

Ukumbi ukacheka. Mzee mmoja akadakia, "Na mpira wenyewe umechongoka kama papai. Ukidunda, wenyewe haujui uendako."

Watu wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Niliona kama wanayacheka maisha yangu.

Baada ya mkutano ule, wazazi wakawatoa watoto wao mmoja mmoja. Huyu akapelekwa mpira wa miguu, huyu wavu, huyu hakupelekwa popote, akabaki na simu yake. Kocha Kazungu, mwalimu kijana aliyeipenda kazi yake, aliyekuwa na timu kamili ya watu kumi na tano, akabaki na wachache. Ikabidi wahamie ile raga fupi ya watu saba.

Nikajitolea kumsaidia. Nilizunguka na tuktuk yangu, nikiwabembeleza wazazi mlango kwa mlango. Mama mmoja wa mtaa wa Barani alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza viazi kwenye karai, kisha akaniuliza, "Na wako yumo, baba Salim?"

Nikamjibu yumo.

Hakuwamo... Niliona haya kusema kweli. Na ili nisiwe mwongo, jioni ileile nilimwambia Salim kwamba kuanzia kesho atafanya mazoezi na timu ya raga. Aliniangalia, akasema, "Haya, baba." Hakuuliza neno. Ningekuwa baba mwenye akili, ule unyamavu wake ungenishtua.

Rukia alipopata habari alinipigia simu. Hakupiga kelele, si kawaida yake. Aliniambia, "Kichwa cha mtu si dafu, baba Salim. Dafu likipasuka, utapanda mnazi uangue lingine. La mwanangu utaliangua wapi?" Nikamwambia awache woga wa kike. Nikamwambia mimi nilicheza na ni mzima. Akanijibu kuwa uzima wangu ni mjadala mwingine. Tukacheka, yakaisha. Hivyo ndivyo tulivyokuwa... tukicheka, mambo yakipita.

Na Salim alicheza vizuri, wasomaji wenzangu. Sitawaficha. Katika mechi moja Kilifi aliubeba mpira, akawapita wote, na mtu aliyesimama nyuma yangu akasema kwa sauti, "Kijana yule ana nguvu kama punda." Hakusema mashaallah. Nyinyi watu wa pwani mnajua maana yake. Kumsifu mtoto wa mwenzio bila kumtaja Mungu ni kumpiga jicho la husuda. Nilitamani kugeuka nimwambie amtaje Mola, lakini nilikuwa nimejaa fahari.

Haukupita muda, Salim akajitupa kumkumba mpinzani, kichwa chake kikagonga goti la yule kijana. Alilala kidogo, akainuka, akacheka. Kocha Kazungu akamtoa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akatapika. Akaniuliza tumeshinda ngapi, nikamwambia. Tulipofika mlangoni akaniuliza tena.

Siku zilizofuata hakuwa Salim ninayemjua. Alifunga madirisha mchana. "Jua laniumiza macho na kichwa, baba." Alilala darasani. Alisahau alikoweka viatu alivyovivaa. Alimkaripia jirani, yeye ambaye hata paka hakumfokea.

Dalili zile zote zilikuwa mbele yangu. Unafikiri niliona nini? Niliona jicho. Nilijiambia yule mtu wa Kilifi na ulimi wake ndio waliomfanya mwanangu hivi. Kwangu ilikuwa wazi kabisa, kwa sababu niliyasikia yale maneno kwa masikio yangu.

Nikampeleka kwa Maalim Abudi, aliyetufundisha Kurani utotoni, amzingue, yaani amsomee dua za kuondoa kijicho. Alimsomea, akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaiosha kwa marashi ya mawaridi, Salim akanywa lile kombe. Kisha Maalim akamtazama machoni, akaniita nje.

"Twaha, mimi nimemaliza langu. Sasa mpeleke hospitali wakamtazame kichwa. Mtoto ameanguka, na hili si la kombe peke yake."

Nikamwambia, "Inshallah, Maalim."

Sikumpeleka.

Kwa nini? Kwa sababu kesho yake Salim aliamka na nafuu. Alikula mikate ya kumimina, akatabasamu. Mimi nikasema jicho limetoka. Na kwa sababu ilikuwa imebaki mechi moja muhimu, hapahapa Malindi, na timu ilikuwa na watu saba kamili, hata wa akiba hayupo. Mmoja akikosa, timu ingetolewa, na uongozi wa shule ulikwisha sema timu isiyoweza kujaza watu itavunjwa. Mwanangu akikaa nje, raga ya shule yetu inakufa. Nilijiona mimi ndiye niliyeushika uhai wake mkononi... uhai wa raga, si wa mwanangu.

Kocha Kazungu alinijia kituoni kwetu cha tuktuk. Akaniamkia, kisha akasema, "Mzee, Salim alipigwa kichwa. Siwezi kumchezesha mpaka apimwe. Ni heri tutolewe." Nikamwambia nimempeleka hospitali, daktari amesema hana tatizo. Aliniuliza mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu bila kupepesa macho. Atamkatalia vipi mtu wa umri wangu, mzazi wa mtoto? Aliniamini.

Rukia naye akapiga simu. Alikuwa amezungumza na Salim. "Mbona asema polepole hivi, kama mtu aliyeamshwa?" Nikamwambia ni uchovu wa masomo. Akasema, "Mimi narudi kesho kutwa. Mpaka nimuone, asikanyage uwanjani. Niapie." Nikamwapia. Wallahi, nilimwapia mama wa mtoto wangu, na mechi ilikuwa kesho.

Asubuhi ya mechi Salim alikuwa ameketi kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Akaniuliza, "Baba, nikisema sitaki, utakasirika?"

Nikamjibu, "Mimi sikasiriki. Lakini wenzako wakiikosa timu kwa sababu yako, utawatazama vipi usoni?"

Akaivaa ile soksi ya pili.

Nimeyarudia maneno yale maelfu ya mara. Mtoto aliniomba mlango, nami nikauegemea usifunguke. Lugha gani nyingine alitakiwa kuitumia ili nimuelewe?

Uwanja ulikuwa mtupu. Wazazi wachache, wanafunzi wachache wakitazama simu zao. Si ile mechi niliyokuwa nikiiota. Mpira ulipomfikia Salim, alikumbwa mkumbo wa kawaida kabisa, wala haukuwa mkali. Aliinuka. Alitembea kuelekea upande usio wake. Wenzake wakamwita, hakugeuka. Kisha magoti yakalegea, akaanguka kama nguo iliyodondoka kambani.

Nilimpakia kwenye tuktuk yangu mwenyewe, Kocha Kazungu akimshika kichwa. Hospitali ya kwanza wakatupeleka Mombasa. Wakampasua. Daktari alinieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alisema ubongo ulikuwa bado umevimba kwa pigo la kwanza, na pigo la pili, hata dogo, ukashindwa kulistahimili. Nikamuuliza, je, kama angepumzika? Akasema vijana wengi wakipumzishwa hupona.

Alisema wengi, daktari yule. Mwanangu angekuwa miongoni mwao!

Kocha Kazungu alisikia kila neno. Alinigeukia akaniambia, "Mzee, uliniambia amepimwa." Alitoka, akaacha kazi ya ukocha, na sijawahi kukutana naye tena.

Rukia alifika akiwa na sare ya jikoni. Alimtazama mwanawe, mashine, mirija. Kisha akaniuliza swali moja tu. "Uliniapia kwa jina la nani?"



Salim aliishi. Watu huniambia nishukuru, nami nashukuru, lakini waniambiao hawajamuona akijaribu kufunga kifungo cha shati. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Hutembea akishikwa. Neno moja humchukua muda mrefu kulipata, na akilipata husahau alikuwa akisema nini. Shule imekwisha. Rukia aliacha kazi ya Bofa, akamchukua wakahamia kwa dadake Mtwapa, akaniambia nisiwafuate kuishi nao. Akaniruhusu kumtembelea mtoto Ijumaa, baada ya sala.

Ile timu niliyoitetea ilivunjwa wiki ileile. Wazazi waliosalia waliwatoa watoto wao, na walikuwa na haki. Milingoti ya raga iling'olewa, sasa pale kuna uwanja wa wavu... mchezo alioutaka mwanangu tangu mwanzo. Yule mama wa Barani hupita mbele ya tuktuk yangu bila kunisalimu. Na mimi, mtu wa kuhamahama, mara hii sina pa kuhamia. Mji wowote nitakaokwenda, nitakwenda na kosa langu.

Wasomaji wenzangu, sikuambieni msiwape watoto wenu raga. Sijui. Huenda mchezo hauna kosa, huenda unalo, waamue wenye elimu. Wala dua ya Maalim haikumdhuru mwanangu, maana ni yeye aliyenituma hospitali nami nikamdharau. Nawaomba jambo moja. Mtoto akigongwa kichwa, mketisheni. Akitapika, akisahau, akikimbia mwanga, msitafute wa kumlaumu kwa jicho, mpelekeni apimwe, na daktari akisema apumzike, apumzike hata kama timu inakufa. Na mtoto akikuuliza kama utakasirika, jua amekwisha kukuambia anachotaka. Usimtume kwenda kuyaishi tena maisha yako. Yako yamepita. Yake ndiyo kwanza yaanza.

Ijumaa iliyopita nilimkuta ameketi barazani, mamake akimlisha uji. Aliponiona aliangaza uso, maana hanichukii, hakumbuki cha kunichukia. Akalitafuta neno, akalitafuta, akalipata.

"Baba... tulishinda?"

Huniuliza kila ninapokwenda. Zamani nilikuwa nikimjibu tulishinda, naye hufurahi sana. Siku moja Rukia akanisikia, akaweka kijiko chini, akasema, "Huyu usimdanganye tena."

Kwa hiyo sasa humwambia kweli. "Mechi haikuisha, mwanangu."

Yeye hutikisa kichwa kama aliyeelewa. Hunywa uji wake kidogo. Kisha hunitazama na kuniuliza tena.