Viatu Visivyopiga Kelele

Simel alishona viatu vya tairi huko Ngarenaro. Kazi yake ilikuwa imara, naye alipenda kuisifu. Lakini wateja walikuwa wanapungua.

Asubuhi moja alikuja Bibi Elinipa, mkulima wa kahawa kutoka Makumira. Alitoa viatu kwenye mfuko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi viatu, nikitembea ndani ya nyumba..."

"Bibi, hilo ni tairi la lori!" Simel alimkatiza. "Hata wajukuu zako watavivaa."

"Sikatai. Ila mzee wangu..."

"Naye nitamshonea vyake. Nitajie saizi tu."

Bibi alimtazama. Akaviacha viatu mezani, akaondoka bila kuaga.

Lilian, jirani wa Simel na afisa ustawi wa jamii, alikuwa dukani akisubiri kiatu chake.

"Simel, bibi alikuja na shida gani?"

Simel alivigeuza vile viatu. Hakuona palipochanika.

"Umemjibu kabla hujamsikia," Lilian alisema kwa upole. "Mtu akizungumza, weka kazi chini. Mwache amalize. Kisha mwambie ulivyomwelewa, umuulize kama ndivyo. Jiulize, ningekuwa yeye ningejisikiaje?"

"Hiyo ni biashara au ndoa?"

Lilian alicheka. "Anza nyumbani, uone."

Jioni mkewe Nanyori alikuwa anachambua mboga. "Nimempigia mama simu," alisema.

Siku nyingine Simel angejibu, "Wazee ndivyo walivyo." Safari hii alikaa karibu naye, akanyamaza. Ulimi ulimwasha.

"Hakunijua," Nanyori alisema hatimaye. "Huu ni mwezi wa tatu tangu aanze kusahau."

"Mama yupo, lakini unaona kama umeshampoteza. Ndivyo?"

Nanyori aliacha mboga, akalia. Kisha akasimulia mpaka chai ikapoa. Simel alipigwa na bumbuwazi. Miezi mitatu uchungu huo ulilala naye chumba kimoja, wala hakuuona. Alimtazama mkewe kama mtu anayeuona Mlima Meru mawingu yakiondoka. Kumbe ni mkubwa hivi, na uko hapa hapa!

Kesho yake alikwenda Makumira.

"Bibi, nisamehe. Leo nimekuja kusikiliza tu."

"Mzee wangu amepooza," bibi alisema. "Usingizi anaupata kwa shida. Nikipita na viatu vyako, pa! pa! sakafuni, anashtuka. Nikivua, baridi inaniumiza miguu."

"Kwa hiyo unataka kiatu chenye joto, kisichomwamsha babu?"

"Hasa!"

Miaka yote Simel aliuza uimara. Kumbe bibi alitafuta usingizi wa mumewe! Alimshonea viatu vya ngozi laini, akampelekea. Bibi alipita kando ya kitanda mara mbili. Babu hakufumbua macho.

Tangu siku hiyo humuuliza kila mteja, "Utavivaa wapi? Vya zamani vilikuudhi nini?" Akaandika kibao kipya: "Simel, Tunasikiliza Kwanza."

"Hiyo ni ahadi," Lilian alimwonya. "Usipoitimiza, ni rangi tu kwenye ubao."

Aliitimiza. Wapishi, walimu na wakulima walikuja, wakaleta na wenzao.

Mwezi uliofuata, Simel na Nanyori walikwenda Monduli kumwona mama. Hakuwatambua. Simel hakumsahihisha. Alikaa chini, akangoja.

"Nina binti," mama alisema. "Anaitwa Nanyori. Aliogopa sana radi. Nilikuwa namfunika kwa shuka langu, namwimbia mpaka mvua inaisha."

Nanyori hakuwa amewahi kulisikia jambo hilo. Alisogea, akajilaza mapajani mwa mama yake. Mama akaanza kuimba.