Posa ya Mauti Dirishani

— Shavu lipake waridi, shoga. Huoni mjane anavyoipenda hiyo posa?

Aliyesema ni Phoebe, mwenzake Tabitha wa meza ya rangi. Tabitha akaikodolea macho picha aliyopewa kupaka. Jamani, mjane wa pichani alikuwa yeye! Pua yake, kofia yake, hata macho anavyoyainamisha. Mbele yake Mauti kapiga goti, mifupa mitupu, kavaa wigi na viatu vya dansi, maua mkononi. Chini imeandikwa: “Mchumba Asiyekubali Kukataliwa.”

Nje, watu wa London walikuwa wamebanana kwenye dirisha la duka, wabeba mizigo kwa mabwana, wanacheka hadi kioo kinashika ukungu. Bi Mossop mwenye duka alikuwa anahimiza tu nakala zipakwe rangi upesi.

Aliyeichonga picha hiyo kwenye bamba la shaba ili ichapwe ni Jabez. Jabez huyohuyo aliyemsindikiza nyumbani kiangazi kizima, yule ambaye mashine ya kuchapia ilimla kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Alisema atamuoa. Majani yalipoanza kupukutika, kimya. Mabamba yake ya shaba akawa anayatuma dukani, mwenyewe haonekani. Tabitha akarudia supu yake ya peke yake, akisikiliza majirani wa juu wakigombana, na hata huo ugomvi akauonea wivu.

Sasa kamgeuza kichekesho cha mji.

Phoebe alimshauri amsahau. Tabitha akainua karatasi aitundike ikauke, mwanga ukapenya, akaiona picha kwa nyuma, vilevile ilivyochongwa kwenye shaba. Akaganda. Mchongaji huchonga kinyume ili chapa itoke sawa. Safari hii Jabez alisahau kugeuza, ndiyo maana hakuna aliyemtambua. Kwa mbele kilikosekana kidole cha kulia; kwa nyuma, Mauti hakuwa na kidole kidogo cha kushoto.

Tabitha akavua aproni, akatoka mbio.

Alimkuta chumbani kwake, kajifunika blanketi, anakohoa mbele ya moto unaokaribia kuzimika.

— Nisamehe, Bi Tabitha.

— Kiangazi nilikuwa mpenzi, leo nimekuwa Bi? Yule Mauti ni nani?

Jabez akaufumbata mkono wake wa kushoto.

— Ni mimi. Daktari kasema kifua hiki hakinifikishi mbali. Umeshazika mume mmoja. Nikikuoa nakuletea jeneza la pili.

— Ndiyo ukaona unianike dirishani?

— Nilitaka unichukie. Ukinichukia hutanililia.

— Sasa nani kakwambia silii? Unajua jioni naongea na nani, Jabez? Na birika.

Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatisha. Tabitha akachochea makaa, akamsogezea maji.

— Nitakufa, Tabitha.

— Utakufa. Na mimi nitakufa. Nakuuliza habari ya hapo katikati.

Jabez akamshika mkono.

Jumapili tatu mfululizo padri akatangaza ndoa yao kanisani, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyesema kitu. Siku ya harusi kanisa lilikuwa tupu na baridi; alikuwepo Phoebe, na Bi Mossop aliyekuja kanuna. Zamu ya Jabez ilipofika, kifua kikambana katikati ya kiapo. Padri akamwangalia bibi harusi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama waahirishe.

— Hapana, padri. Atamalizia. Mimi namsubiri.