Redio Aliyeapishwa Kunyamaza

"Nimesema sina homa!"

"Dada, shingo inawaka kama pasi, halafu unaniambia—"

"Ni joto la cherehani!"

"Cherehani gani, na leo hujashona hata kifungo?"

Mama na mama mdogo walirushiana maneno, na binti wa mama kabanwa katikati, kibakuli cha barafu mkononi. Wenzake shuleni walimwita Redio, maana habari haikulala kwake. Leo Redio alikuwa kimya. Mama alikuwa amemwapisha.

Wiki iliyopita mama alitundikiwa dripu ya dawa za kansa ya titi. Nesi alimwambia amumunye barafu kutuliza vidonda vya mdomo. Akamwambia pia, "Ukipata homa, njoo saa hiyo hiyo." Mama akaunganisha mashauri hayo mawili, akapata ujanja: barafu kwanza, kipimajoto mdomoni baadaye.

"Wakinilaza, dripu ijayo itaahirishwa," alikuwa amemnong'oneza Redio. "Nataka kumaliza mateso haya. Ukitoa siri, mimi na wewe basi."

Sasa mama mdogo alichomoa kipimajoto mdomoni mwa mama, akakisoma. "Haya, homa hakuna. Umeshinda." Akachukua mkoba wake.

Redio akamwona mama akitetemeka ndani ya shuka. Akisema, amemsaliti. Akinyamaza, huenda akamkosa kabisa.

"Mama mdogo, mpime kwapani! Amemumunya barafu!"

"Wewe mtoto!" mama akafoka.

Kwapani kipimajoto kilipanda, kikapita thelathini na nane. Mama mdogo hakubishana tena, alikimbilia teksi. Hospitalini mama alichomwa dawa ya kuua vijidudu kwenye mshipa hata viatu hajavua. Kesho yake homa ikashuka.

Nesi akamvuta Redio pembeni. "Dawa za kansa hupunguza chembe nyeupe, walinzi wa damu. Homa ikiingia, ni mwizi ndani na mlinzi hayupo. Hatungoji kupambazuke. Siri nyingine tunza, mwanangu. Inayomweka mtu hatarini itoe, hata kama aliyekuapisha ni mama yako."

Redio akasogea kitandani macho chini, akingoja kugombezwa.

"Daktari akipita," mama akasema polepole, "mimi humjibu sijambo."

"Ndiyo, mama."

"Leo usitoke nje. Keti hapa. Nikisema sijambo, nibishie."