Gunia Lililobaki Bwawani

Lloyd alielea kifudifudi katika bwawa la kwanza la majitaka, kichwa kimepasuka hadi ubongo unaonekana. Sepetu yake ya kuzolea tope ilikuwa ukingoni, imejaa damu na nywele. Walipomgeuza, taya lake lilikuwa limesagika.

Inspekta Nkandu wa polisi wa Nchelenge alichutama, akatema mate. Miaka yote ya kazi, na bado maiti zilimtia hasira. Lloyd alikuwa msimamizi wa mabwawa haya, yanayosafisha majitaka ya kijiji cha wakimbizi karibu na Kafutuma.

Akina mama walikuwa wamekusanyika kwenye bwawa la mwisho. Huko maji yalionekana safi, tena yana joto, kwa hiyo walilowesha humo mihogo ilainike upesi. Lloyd alikuwa akiwafukuza kila mara, nao walimwona mchoyo tu.

"Chef, tupatie mihogo yetu. Itaoza," alisema Florentine, aliyezoea kuwasemea wenzake kwa wakubwa.

Nkandu aliwaruhusu. Magunia yalitolewa, yakabebwa vichwani. Likabaki moja.

Msimu huu wa njaa, nani anayeacha gunia la mihogo?

"Hii ya nani?"

"Ya Cadette," alijibu Florentine. "Ule alizika mutoto wiki hii."

Nkandu alimkuta Cadette nyumbani, ameketi kwenye mkeka, macho yamevimba.

"Juu ya nini haukuya kubeba gunia yako, mama?"

"Bwana yangu alinikataza. Alisema, acha ioze."

"Lini?"

"Jana, Lloyd alipita hapa. Walienda kuongea pembeni, sikusikia kitu."

Mumewe, Chadrack, alikamatwa barabara ya Kabuta akiwa juu ya baiskeli. Alimng'ata konstebo mkono hadi nyama ikachomoka, akapigwa ngumi mpaka akakaa chini. Damu kavu ya mtu mwingine ilikuwa kwenye kola yake.

Kituoni, Nkandu hakumzungusha.

"Lloyd alikukosea nini?"

"Hakuna."

"Mutu hajakukosea, unamupasua kichwa?"

Chadrack aliitazama mikono yake. "Aliniambia Bénie wetu alikufa na kuhara juu ya ile mihogo. Mutoto alikuwa anaitafuna mubichi. Mama yake mwenyewe njo alikuwa anamupatia."

"Halafu?"

"Akasema ataambia watu wote. Nilimufuata kule bwawani, nikamulomba anyamaze. Cadette akijua ni mukono yake njo iliua mutoto, atajinyonga. Lloyd akakatala. Akasema watoto wengine watakufa. Nikakamata sepetu."

"Alikuwa amekufa tayari, ukaendelea kupiga."

"Kinywa yake ilikuwa ingali inatikisika."

Konstebo aliyefungwa bendeji aligeukia ukutani.

"Usiandike ile, chef," Chadrack alisihi. "Andika tulipigania pombe. Nitafungwa vilevile."

Nkandu angependa kumkubalia. Alimhurumia mwanamke yule kwa moyo wote. Lakini magunia yale yalikuwa yameshafika majumbani, kwa ruhusa yake mwenyewe, na watoto hawasubiri mihogo ikauke. Akajilaani kimoyomoyo, akainua simu na kuamuru gari la kipaza sauti lipite kijijini mara moja.

Chadrack alielewa. Alianza kujigonga kichwa mezani, paji likachanika, na polisi wakamkandamiza sakafuni huku akipiga kelele za jina la mkewe.

Huko kijijini gari lilikuwa limeshaingia. "Musikule mihogo ya bwawa," sauti ilitangaza. "Iko na maladi ya kuhara. Imesha kuua mutoto mumoja."

Watu walitoka kusikiliza, na Cadette naye akatoka.