Hoja ya Gauni Fupi

Kila nikitoka shuleni, nilifanyia kazi zangu za shule juu ya cherehani ya mama. Ilikaa chumbani kwa bibi, imefunikwa shuka, na mama mwenyewe alikuwa mji wa mbali, katika kiwanda cha kushona sare, mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa naandika huku nikikanyaga pedali taratibu, na bibi akisikia mlio ule alinigombeza, "Wakili, utaiharibu!" Wakili ni jina langu la utani, maana kwa maneno sikubali kushindwa.

Wiki ile mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha ya hoja. Kila mmoja achague jambo analolitaka kweli, amshawishi mtu mmoja akubaliane naye. Wenzangu waliandika kuhusu mpira na simu. Mimi niliandika kwamba mama aache kazi arudi nyumbani. Nilimkumbuka mno, hata harufu ya vitambaa vyake. Nilijaza kurasa mbili bila kuinua kichwa. Kuhusu upande wa pili niliandika sentensi moja tu: "Wengine husema kazi ni muhimu, lakini hao hawapendi watoto wao."

Mwalimu ana desturi yake. Huweka viti viwili mbele ya darasa: kwenye cha kulia unasoma hoja zako, kwenye cha kushoto unakuwa yule anayekupinga. Kulia nilisoma hadi nikapigiwa makofi. Kushoto nilimaliza kabla kiti hakijapata joto, na darasa zima likacheka.

"Wakili, umepigana na mtu uliyemfunga mikono," mwalimu alisema. "Mama yako anakupinga kwa hoja gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujamwuliza?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia "Rudi" kwenye simu. Kwa nini harudi, sikuwahi kumwuliza.

"Kamwulize. Na kwenye upande wako, usiniambie tu kwamba unamkumbuka. Nionyeshe."

Jumapili mama alipopiga simu, nilikuwa na kalamu mkononi. "Mama, leo silii. Nipe hoja zako."

Alicheka. "Huku wananitegemea, mwanangu. Nawafundisha wasichana kumi na wawili, na kazi hii naipenda. Huko nilikaa na cherehani mwaka mzima, wateja hawaji. Nawe ningekuchukua, lakini nani angemshika bibi yako mkono kwenda kliniki? Macho yake si unayajua."

Niliandika yote, neno kwa neno.

Insha ya kwanza niliichana. Katika ile mpya nilikiri kwamba mama ana haki ya kuipenda kazi yake, na kwamba bibi hawezi kuachwa peke yake. Kisha nikaleta ushahidi wangu: kila mwaka mama hunishonea gauni kwa kukisia, na kila mwaka linakuja fupi. "Mama anamshonea mtoto aliyemwacha hapa alipoondoka," niliandika. "Mtoto huyo hayupo tena." Sikumtaka tena aache kazi. Niliomba shule zikifungwa, mimi na bibi twende kwake.

Jumapili iliyofuata nilimsomea yote kwenye simu. Bibi alikuwa pembeni akijifuta macho, akidai ni dawa.

"Kitambaa cha gauni lako la mwaka huu kipo hapa mezani," mama alisema kwa sauti nzito. "Sikikati. Njooni wote wawili, nikupime mwenyewe."

Jumatatu nilimkimbilia mwalimu kumweleza. Alitabasamu.

"Ulipokuwa unamvuta, alibaki palepale," alisema. "Ulipokaa kwenye kiti chake, naye akakaa kwenye chako. Ukitaka mtu akusikilize, Wakili, kwanza msikilize yeye mpaka mwisho."

Likizo ilikuwa bado wiki tano. Hata hivyo, jioni ile nilifungua droo ya cherehani, nikatoa utepe wa kupimia na kuutia kwenye begi.

"Makubwa! Kiwanda kizima cha nguo kitakosa utepe?" bibi aliuliza.

"Hakitakosa, bibi. Lakini huu ndio alionipimia mara ya mwisho."