Kengele ya Gari la Taka

Asubuhi za Jumanne na Ijumaa, gari la taka la halmashauri liliteremka mtaa wa chini likipiga kengele. Watu walitoka mbio na ndoo zao, huyu na povu la mswaki mdomoni, yule na kiatu kimoja. Watoto walimwita dereva Baba Kengele, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mtaani huko ndiko alikoishi shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni. Goti lilimsumbua. Kengele ikianza kusikika kwa mbali, alijikongoja na ndoo yake, na gari likifika alikuwa mlangoni. Wapakiaji wa taka walimtania, "Mama, leo tena umetushinda mbio!"

Siku moja msimamizi alimvuta dereva pembeni.

"Halmashauri inabana matumizi. Mtaa wa chini pita kama kawaida, ila usipige kengele."

"Sasa watu watajuaje kama gari limefika?"

"Wewe endesha. Kama unaipenda kazi yako, funga mdomo."

Dereva alikuwa na watoto wa kusomesha. Akafyata mkia. Jumanne alizima kengele, akapita kimya kimya. Gari lilirudi karibu tupu.

Haukupita muda, mtaa ukaanza kunuka. Taka zilijaa mferejini. Mvua iliponyesha, maji machafu yaliingia vyumbani. Dereva alipokwenda kumjulia hali shangazi, alimkuta akianika godoro.

"Mwanangu, siku hizi gari lako halilii. Nikitoka naona mgongo wake tu. Kulikoni?"

"Kengele imeharibika, shangazi."

Uongo ule ulimtoka upesi mno. Chai aliyopewa ikamshinda kunywa.

Ijumaa, shangazi alikuwa amesimama kando ya barabara, ameshika kengele ya mkono. Dereva alisimamisha gari.

"Nimeiomba shuleni, walishaacha kuitumia," shangazi alisema. "Nimewaambia mwanangu anahangaika, kengele yake imekufa na wakubwa hawataki kuitengeneza. Chukua, baba."

Wapakiaji walitazama chini. Walijua kila kitu. Dereva aliipokea kengele kwa mikono miwili, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimtafuta mfagiaji wa soko, mama aliyekuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Siku zote alikuwa akimkwepa. Alidhani kazi ya chama ni kudai mishahara na kupiga kelele. Leo alimweleza yote, hakumficha kitu.

"Umeona walivyokutumia?" katibu alisema. "Ukipita kimya, watu hawatoi taka. Wasipotoa, halmashauri itasema mtaa ule hauhitaji gari. Huduma ikifutwa, wapakiaji wanaachishwa kazi, na wakazi wanabaki na uchafu wao. Kesho itakuwa zamu yetu sisi wafagiaji."

"Na mimi ndiye niliyewasaidia."

"Ndiyo. Sitakudanganya."

"Nifanye nini? Nikisema, watanifukuza."

"Ukisema peke yako watakuonea. Ndiyo maana kuna chama. Madiwani watajadili bajeti katika kikao cha wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kutoa maoni. Chama kitaomba nafasi ya kusema, na tutakwenda pamoja na wakazi, kwa sababu huduma hii inalipiwa kwa kodi yao. Lakini kwanza wasikie ukweli kutoka kwako."

Basi dereva akapita mtaa wa chini nyumba kwa nyumba, na wenzake wa chama. Wengine walimfokea. Mmoja alimfungia mlango usoni. Alivumilia, maana alistahili. Lakini mlango wa shangazi aliuruka. Huko miguu ilikataa kabisa.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Shangazi alikuwa mstari wa mbele, amenyoosha mguu wake mbovu. Afisa mmoja alisema, "Mtaa wa chini hauna taka. Gari linarudi tupu. Tuondoe huduma hiyo."

Katibu alisimama. "Chama chetu kinapinga. Msikilizeni dereva mwenyewe."

Dereva alisimama. "Gari linarudi tupu kwa sababu niliamriwa nisipige kengele. Kengele haikuharibika. Niliizima kwa mkono wangu."

Hakuthubutu kutazama mstari wa mbele.

Kisha wakazi walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakaeleza habari za mfereji na maji vyumbani. Katibu akauliza kwa nini kubana matumizi kusianzie kwenye magari ya wakubwa. Madiwani walipopiga kura, huduma ilibaki. Hakuna mpakiaji aliyeachishwa kazi, wala dereva hakuguswa, kwa kuwa chama kizima kilikuwa nyuma yake.

Jumanne kengele ililia tena. Ndoo zilitoka, na mfereji ukaanza kupitisha maji. Shangazi alikuwa mlangoni kwake. Dereva alishuka, akampokea ndoo, kisha akamnyooshea ile kengele ya mkono.

"Nisamehe, shangazi. Hii yako nakurudishia. Ile ya gari inalia."

Shangazi alimtazama sana.

"Kaa nayo," alisema. "Hiyo ya gari naijua. Huwa inaharibika."

Wapakiaji waliangua kicheko. Dereva naye alicheka, macho yakiwa chini. Aliitundika ile ya mkono kando ya usukani, na tangu siku hiyo kila gari likiingia shimoni, inalia yenyewe.